Siku Mwahija Alipoikwepa Chumvi

Asubuhi ya kuchoma tanuri Mwahija aliamka kabla ya adhana, akagundua kwamba ameingia mwezini. Siku nne kabla ya wakati wake! Alisimama uani, kanga mkononi, akaipiga teke ndoo tupu mpaka ikagonga ukuta, kisha akaikimbilia na mguu wake mbovu asije akamwamsha mama mkwe. Alijisumbua bure. Bi Kazija alikuwa ameshasimama mlangoni anamtazama, na kwa mtazamo ule mmoja alikwisha kujua kila kitu.

"Haidhuru," alisema Bi Kazija. "Chumvi nitatia mimi. Wewe shughulika na moto wako."

Hivyo ndivyo walivyoishi wawili hao kwa miaka kumi na moja. Mwahija alipika, na siku zake zilipofika, bibi ndiye aliyetia chumvi. Kwa watu wa huku nyuma ya Lindi, mwanamke aliye mwezini hatii chumvi kwenye chungu cha watu. Wala hatii mama wa mtoto mchanga, mpaka mtoto afanyiwe dawa ya kumrudisha mama jikoni. Anayekula chumvi hiyo hupata kifua, hukohoa, hukonda, na mwisho wake ni sanda. Cheka ukitaka, wewe uliyesoma. Mwahija hakucheka, kwa sababu mumewe Bakary alikufa kwa kifua, na siku ya arobaini Bi Kazija, mama yake Bakary, alisimama mbele ya wanawake wenzake akasema, "Mwanangu katiliwa chumvi." Hakutaja jina. Katika nyumba ile mpishi alikuwa mmoja tu.

Utauliza kwa nini hakuondoka. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, hiyo ni moja. La pili alikuwa halisemi kwa mtu: hakuwa na hakika. Huenda siku moja, katika haraka za jikoni, alijisahau. Nani anakumbuka kila chungu alichowahi kupika? Kutojua huko kulimtafuna kuliko tuhuma yenyewe, akawa anamlisha mama wa marehemu kama mtu anayelipa deni asilojua kama analo.

Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, Mwahija alidondoka kutoka juu ya lori lililojaa vitanda na kuku, akavunjika nyonga. Nyonga ilipona ilivyotaka yenyewe. Tangu hapo mguu wa kushoto ulikuwa wa kuburuta, na jembe likamkataa. Kwa bahati mbaya Jitegemee, kijiji kipya walichopelekwa nyuma kidogo ya Mingoyo, kilikuwa kijiji cha jembe. Kila mtu mzima alikuwa na eka zake za muhogo, na asiyelima aliitwa kupe. Walikuwa wakilisema neno hilo mkutanoni, kwa sauti kabisa, na watu wakigeuza shingo kumtafuta mwenyewe. Mwahija alijifunza kukaa nyuma, karibu na ukuta.

Karakana ya ufinyanzi ndiyo iliyomwinua. Aliletwa mwalimu, Rafaeli, Mmakonde mpole aliyejifunza kazi hiyo misheni, akaja na gurudumu la kufinyangia, lile unalolizungusha kwa kulipiga mguu chini huku mikono inainua udongo juu. Mguu mmoja ulimtosha. Alikuwa amefinyanga vyungu tangu usichana wake, kwa kuvizunguka yeye mwenyewe ameinama. Sasa chungu ndicho kilichozunguka na yeye amekaa! Kwa mara ya kwanza tangu ajali, jina lake lilisomwa mkutanoni pamoja na majina ya wanaofanya kazi. Siku hiyo alikaa safu ya mbele.

Lakini kiini cha mafunzo hakikuwa gurudumu. Kilikuwa moto. Rafaeli alijenga tanuri la matofali na kuwafundisha jambo ambalo mama zao, waliochoma vyungu uwanjani kwa nyasi na kuni, hawakulijua. Tanuri likishaiva hasa, ndani kumekuwa kweupe, unatupa chumvi katika mdomo wa moto. Chumvi inapasuka, inageuka mvuke, na mvuke unavivika vyombo ngozi ya kioo. Mtungi wa namna hiyo hauvuji hata tone. Kujua wakati wa kutupa, nyuma ya tundu la kuchungulia vinasimamishwa vidole vitatu vya udongo, ambavyo Rafaeli aliviita mashahidi. Wa kwanza akilala, anza. Wa tatu akilala, acha, maana baada ya hapo vyombo vyenyewe vitaanza kulegea.

Chumvi ile hutoa moshi mweupe mzito unaotambaa kijiji kizima. Mara mbili walichoma kwa mafunzo, na mara zote mbili aliyetupa alikuwa Bi Kazija. Rafaeli alidhani ni heshima kwa mzee. Wanafunzi wake walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia mwanamume kwamba chumvi inayovutwa puani na kijiji kizima ni sawa na chumvi inayoliwa na kijiji kizima.

Siku hiyo ulikuwa mtihani. Ndugu Abdulatifu, afisa wa viwanda vidogo kutoka wilayani, alikuja na saa yake ya mkononi na karatasi zake, akaketi kwenye kiti cha shule mbele ya tanuri. Ndani kulikuwa na mitungi ishirini na minne ya maji ya zahanati. Isipungue kumi na minane isiyovuja, alisema, na karakana itabaki Jitegemee. Ikipungua, gurudumu na matofali vitahamia kijiji kingine, na kina mama watarudi shambani. Mwalimu haruhusiwi kugusa kitu. Mtu mwingine yeyote haruhusiwi kugusa kitu. Ni wanafunzi watatu tu: Mwahija wa kusoma moto, Genoveva wa kuni, Bi Kazija wa chumvi.

Walianza alfajiri kwa moto mdogo. Saa nne, tanuri lilipokuwa limeanza kunguruma, mtu alikuja kwa baiskeli kutoka Rasbura, jasho linamtiririka. Dada yake Bi Kazija amefariki.

"Inna lillahi," alisema Ndugu Abdulatifu, akavua kofia. "Nenda, mama. Msiba ni msiba. Hawa wawili wataendelea."

Bi Kazija alijifunga kanga yake huku machozi yanamtoka. Kabla ya kuondoka alimshika Mwahija mkono, akamvuta pembeni, na kucha zake zikaingia katika nyama.

"Usiiguse chumvi ile," alinong'ona. "Unajijua. Usituulie watu."

Akaenda zake.

Mwahija alirudi mbele ya moto. Kati ya sasa na wakati wa chumvi zilibaki saa tano, labda sita. Akamsubiri Genoveva alete mzigo wa kuni za mkorosho, akamwambia kwa sauti ya chini, bila kugeuza uso, kwamba yuko mwezini.

Genoveva alisimama na kuni kichwani. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi miwili amelala. "Sasa unataka nitupe mimi?"

"Wewe si umebatizwa?"

"Ubatizo ni wa kanisani, dada. Chumvi ni ya jikoni." Genoveva aliweka kuni chini taratibu. "Huyu hajafanyiwa dawa. Baba yake angali anapikiwa na mama yake mzazi. Nikitupa, wa kwanza kuvuta moshi ule ni huyu huyu niliyembeba."

Kiasi cha hatua kumi kutoka hapo alikaa Rafaeli, mikono magotini, na hatua mbili kutoka kwa Rafaeli alikaa afisa. Neno moja tu lingetosha kumaliza shida yao. Afisa angeweza kuruhusu bibi mwingine aitwe, maana kijijini wazee walikuwapo. Lakini neno lenyewe lisemweje? Mwanamke amsogelee mwanamume asiye mumewe, tena wa serikali, amwambie habari za damu yake? Mwahija alijaribu kulitunga kichwani, akaona uso unamwaka kuliko tanuri. Hapana. Afadhali afe.

Akaendelea kulisha moto. Saa sita, saa saba. Matofali yalibadilika rangi, hewa juu ya tanuri ikawa inacheza. Kila aliposogea kwenye tundu la kuchungulia, mashahidi watatu walikuwa wamesimama wima ndani ya ule wekundu, na kila mara alishukuru, kisha akajiona mjinga kwa kushukuru jambo linalokuja tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Lake lilikuwa linauma kweli kweli, kwa sababu mbili.

Ilikuwa karibu saa tisa alipopumzika kidogo kwenye kivuli cha banda, mbele ya mafiga walipokuwa wakipikia chakula cha mchana. Genoveva alikuwa amepika kunde. Povu lilikuwa limefurika na kukaukia kwenye jiwe la figa, na juu ya jiwe hilo, palipomwagikiwa siku nyingi na kuungua siku nyingi, palikuwa na michirizi migumu inayong'aa. Mwahija aliigusa kwa kidole. Aliikwaruza kwa kisu. Haikutoka, kama ile ngozi ya kioo ya mitungi.

Kunde hupikwa kwa magadi ili ziive upesi. Magadi hutiwa na yeyote. Mwanamke akiwa mwezini, akiwa na mtoto mchanga, akiwa vyovyote, hakuna aliyewahi kumkataza magadi!

"Genoveva," alisema. "Kimbia dukani. Chukua magadi yote waliyonayo."

Duka la kijiji siku hizo halikuwa na sukari, halikuwa na sabuni, lakini magadi yalikuwapo gunia zima, hayana mnunuzi. Genoveva alirudi na ndoo imejaa, mtoto mgongoni analia kwa kutikiswa. Wakati huo huo Mwahija alichungulia akamwona shahidi wa kwanza amelala.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alichota magadi kwa sepetu, akayatupa ndani ya mdomo wa moto, akaruka nyuma akisubiri mlio na moshi.

Hakuna mlio. Hakuna moshi. Magadi yaliyeyuka yakawa uji, ukatambaa juu ya matofali, ukatulia pale pale. Chumvi hupasuka na kupanda. Kumbe magadi hayapandi. Alitupa tena. Uji ukaongezeka. Akachukua chuma kirefu, akapenyeza kwenye tundu na kuvuta moja ya pete za udongo zilizowekwa ndani kwa ajili ya kupimia. Ilipopoa ilikuwa kavu, nyekundu, haina hata chembe ya kioo.

"Mama," sauti ya Ndugu Abdulatifu ilikuja kutoka nyuma yake, "hiyo si chumvi."

"Ni magadi, ndugu."

"Maelekezo yanasema chumvi. Gunia lile pale."

"Nimeliona."

Rafaeli alikuwa amenyanyuka nusu. Afisa alimwinulia kidole bila kumtazama, na mwalimu akakaa tena. Kalamu ikaandika kitu. Mwahija hakujua kusoma vizuri, lakini alijua kalamu inayoandika ubaya inavyotembea. Ndani, shahidi wa pili alikuwa ameanza kuinamisha kichwa.

Akawaza shamba. Akawaza eka za muhogo, jua la saa saba, mguu unaoburuta kwenye matuta, watu wanaogeuza shingo. Gunia la chumvi lilikuwa hatua tatu tu. Konzi sita tu, Mwahija, na nani atajua? Alisogea. Kweli alisogea, tusimpambe. Aliweka mkono kwenye mdomo wa gunia. Ndipo mtoto wa Genoveva, aliyekuwa amevuta moshi wa kuni tangu asubuhi, alikohoa mara mbili, kikohozi kidogo cha kawaida. Mwahija aliuondoa mkono kama aliyeungua.

Kama hayapandi yenyewe, yapandishwe. Kitu gani hupanda? Moto hupanda. Basi magadi yapande mgongoni mwa kitu kinachowaka.

"Maji ya moto!" alipiga kelele. "Na makumbi!"

Walimimina maji yaliyokuwa jikoni ndani ya ndoo ya magadi, wakakoroga kwa mti. Makumbi ya nazi yalikuwa rundo zima nyuma ya banda, ya kuwashia moto. Waliyachovya yakalowa, wakayakung'uta, wakayatupa katika mdomo wa tanuri mawili mawili. Mwanzo yalifuka tu na moto ukafifia, na Mwahija alihisi roho inamtoka. Kisha nyuzi zilishika. Ulimi wa moto ukageuka manjano, manjano ya kiini cha yai, ukapanda, ukapita kati ya mitungi na kutokeza juu kwenye bomba ukiwa bado na rangi ile ile.

"Tena!"

Walilisha, wakalisha. Nyusi za Mwahija ziliungua. Genoveva alimfungua mtoto akamlaza mbali, upande upepo unakotoka, akarudi mbio. Pete ya pili ilikuwa na alama ya kung'aa upande mmoja tu. Ya tatu iling'aa nusu. Ndoo ilipokaribia kwisha, Mwahija alichungulia na kumwona shahidi wa tatu anainama, anainama, analala.

"Basi! Ziba!"

Wakaziba mdomo kwa matofali na udongo. Mwahija alikaa chini pale pale majivuni, mguu wake umenyooka mbele.

Tanuri hupoa polepole, nalo halimhurumii mtu. Siku mbili Mwahija hakula kitu cha maana. Asubuhi ya tatu afisa alirudi, na Bi Kazija naye alikuwa amerejea kutoka msibani, amekaa jamvini na wanakijiji waliokuja kutazama. Alikuwa ameshasimuliwa habari za magadi.

Walipoubomoa mlango, watu waliguna. Mitungi haikuwa ya rangi moja kama ile ya chumvi. Upande uliopigwa na moto uling'aa kama asali, upande wa nyuma ulikuwa mkavu wa kahawia, na kati ya pande hizo mbili palikuwa na mpaka wa wekundu ambao hakuna aliyeuchora. Miwili ilikuwa imegandia kwenye rafu. Rafaeli aliushika mmoja, akauzungusha, akauzungusha tena, na ikambidi ageuze uso.

Uzuri si kitu, alisema Ndugu Abdulatifu; tia maji. Wakaijaza yote iliyotoka salama, wakaipanga juu ya majivu makavu, wakasubiri mpaka adhuhuri. Kisha afisa alipita mwenyewe, akiinua mmoja mmoja na kugusa majivu chini yake. Mkavu. Mkavu. Umelowa. Mkavu. Mwahija alikuwa ameshika ukingo wa jamvi, hahesabu, anasikiliza tu. Genoveva ndiye aliyehesabu, na alipofika kumi na minane akapiga kigelegele kabla afisa hajamaliza. Jumla ilikuwa kumi na tisa.

"Mmefaulu," alisema Ndugu Abdulatifu, akaandika huku akisoma kwa sauti. "Mitungi kumi na tisa haivuji. Njia iliyotumika, chumvi."

"Si chumvi," alisema Mwahija.

"Najua. Lakini mkoani wanangoja chumvi. Nikiandika magadi wataniuliza sababu, nami sina. Mtaendelea na chumvi kama mlivyofundishwa."

Mwahija angenyamaza tu; alichotaka alikuwa ameshakipata. Lakini aliona matanuri yote yanayokuja, na miezi yote inayokuja, na Bi Kazija hataishi milele. Mficha uchi hazai. Alisimama, akajiegemeza kwenye mguu mzima.

"Sababu ninayo," alisema. "Siku ile nilikuwa mwezini. Genoveva ana mtoto mchanga. Moshi wa chumvi yetu ungeingia vifuani mwenu nyote. Mimi nimeshaambiwa nimeua mtu mmoja kwa chumvi. Sikutaka kuua kijiji."

Wanaume walitazama kucha zao. Rafaeli alifumba macho, na ungeona anazirudia moja moja siku zile mbili za kutupa chumvi. Ndipo Bi Kazija alisema kutoka jamvini, sauti yake ndogo:

"Bakary hakufa kwa chumvi."

Watu wakageuka.

"Kifua alikuwa nacho tangu anatambaa. Nilimzungusha kwa waganga watatu kabla hujamjua. Nilikuwa na uchungu, mwanangu. Nilitaka apatikane wa kuubeba."

Mwahija alingoja nafuu imjie. Haikuja. Kilichokuja ni hasira, hasira kubwa mno hata akashindwa kuona watu mbele yake. Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja ya kumpikia, ya kumwogesha, ya kulala akihesabu vyungu.

Ndugu Abdulatifu alikohoa kidogo. "Basi, kama ndivyo, kizuizi hakuna. Naiacha chumvi ilivyo."

"Andika magadi."

"Lakini mama, umesikia mwenyewe..."

"Nimesikia. Mitungi ile ni ya magadi. Andika magadi."

Afisa alimtazama, akalikata neno moja kwa kalamu, akaandika jingine juu yake.

Jioni Mwahija alipika samaki kwa nazi. Mchuzi ulipochemka Bi Kazija alikuja jikoni kama kawaida yake, akanyoosha mkono kwenye kifuu cha chumvi. Mwahija alikichukua kabla hajakifikia. Siku zake zilikuwa hazijaisha, na wote wawili walijua. Akatia chumvi, akakoroga, akaonja, akaona imepungua, akaongeza. Akapakua ugali sahani moja, mchuzi bakuli moja, akaviweka mbele ya mama mkwe wake.

"Karibu, mama," alisema.

Bi Kazija alilitazama lile bakuli kwa muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunawa.